Uzi Mweupe Kando ya Sinki

3 Machi

Mwanangu mhadhiri,

Maneno ni yangu, mwandiko ni wa shangazi yako. Ukikuta herufi zimelala chali usidhani nimelewa. Daktari wa macho amenipima tena. Anasema mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili, na atanipasua mwezi wa tano kama presha itakubali kushuka. Mpaka hapo dunia naiona kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya chai ya rangi.

Sasa kazi. Darasa la kemia la mwaka wa kwanza ni kama kituo cha mapokezi. Wapo walioipenda kemia, wapo waliosukumwa na wazazi, na wengi ni waliokosa nafasi kwingine. Usianze na jedwali la elementi, utawapoteza nusu yao kabla ya mapumziko. Siku ya kwanza tia barafu kwenye chupa, ifunge, ipime, iache iyeyuke, kisha ipime tena mbele yao. Uzito utakuwa ule ule. Waambie hakuna kilichopotea, kimegeuka tu. Halafu nyamaza, waache waikodolee macho mizani.

Chupa za maabara nimezifunga nyuzi upya zote ile Ijumaa kabla sijaondoka, kwa mkono wangu na kwa fundo langu la mizunguko mitatu. Utaratibu unaujua tangu ukiwa mtoto: nyekundu ni asidi, njano ni kostiki ya sabuni, nyeupe ni maji safi yaliyokenekwa. Lebo za karatasi mvuke unazila ndani ya miezi miwili, uzi wa nailoni hauugusi. Na chupa moja ya uzi mweupe ikae kando ya sinki siku zote, kwa sababu bomba letu unalijua, lina siku zake. Mtu akirukiwa na kitu jichoni asianze kutafuta wala kusoma. Jicho moja linatosha kuona rangi. Mkuu mpya wa idara akikuletea habari za kubadilisha, mwambie miaka thelathini na moja hakuna aliyeumia mle ndani.

Msikilize Fundi wetu wa maabara. Ameanza kuosha bika za kioo za chumba kile kabla hujazaliwa.

Baba yako

(Hapa ni mimi shangazi, yeye amekwenda kujilaza. Jana kashona kifungo cha shati lake jeupe mwenyewe, kwa uzi aliokuja nao mfukoni kutoka huko maabara kwenu. Kakataa msaada, kaniruhusu kumtungia sindano tu. Mwanangu, uzi wenyewe ni wa njano kama kiini cha yai! Na analivaa, analiringia. Sikumwambia kitu. Nani amvunje moyo mzee wa watu? Wewe cheka kimya kimya.)


16 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimepona. Nasema nimepona kwa sababu wiki ya kwanza nilidhani nitakufa. Wanafunzi ni mia na arobaini na wawili, viti ni mia na ishirini, waliobaki wanakaa kwenye ngazi na madaftari magotini. Jaribio la barafu nililifanya kama ulivyosema. Mizani iliporudi palepale kijana mmoja akapaza sauti nyuma, "Mwalimu, umebadilisha chupa!" Darasa zima likacheka. Basi nikamwita mbele apime mwenyewe. Alipima mara tatu, akarudi kukaa, na tangu siku hiyo anawahi kiti cha mbele.

Moli ndiyo inayowatoa jasho. Nimewaambia moli ni hesabu tu, kama dazeni, ila ni dazeni isiyo na kiasi. Binti mmoja akaniuliza kama mtu anaweza kununua moli moja ya mayai. Nikamwambia anaweza, ila hatapata pa kuyaweka.

Fundi anakusalimu. Analalamika kwamba ninaandika ubaoni kama mtu anayekimbizwa. Mkuu wa idara amekuja na karatasi zake za lebo. Nimemjibu maneno yako yale yale, akaondoka akikuna kidevu.

Jambo dogo: ile asubuhi ya kwanza nilikuta chupa ya kando ya sinki ina uzi wa njano. Nadhani wasafishaji walizipangua. Niliirudisha rafuni, nikachukua yenye uzi mweupe nikaiweka mahali pake. Unaona ninavyokufuata?

Binti yako

(Shangazi, hii usiisome kwa sauti. Kile kifungo nimekicheka mpaka machozi.)


24 Machi

Mwanangu,

Nimesomewa barua yako mara mbili. La sinki umefanya vizuri sana. Hayo ndiyo macho ninayoyataka mle ndani. Wengine wangepita tu.

Ubaoni punguza mbio, Fundi ana haki.

Baba yako


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Tumefika sehemu ya asidi na besi. Samahani kwa ufupi, nina mitihani mingi ya kusahihisha. Tunza presha, kula vizuri, msikilize shangazi.

Binti yako

(Shangazi, karatasi ya pili ni yako peke yako. Tafadhali isome ukiwa jikoni.)

Shangazi yangu,

Alhamisi iliyopita Fundi aliumia jicho, na nadhani halitarudi.

Tulikuwa tunapima asidi kwa kostiki, tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Binti mmoja alisahau miwani ya kinga, Fundi akavua yake akampa. Dakika kumi baadaye mwanafunzi akaangusha bika. Asidi yenyewe ilikuwa nyepesi, tone moja tu likamrukia Fundi jicho la kushoto. Angenawa, angewashwawashwa, angepona. Bomba lilikuwa kavu. Akafanya tulichofundishwa sote: akanyoosha mkono kando ya sinki, akashika chupa ya uzi mweupe, akajimiminia jichoni.

Ilikuwa kostiki, shangazi. Kali, ile ile ya kutengenezea sabuni. Sijawahi kumsikia Fundi akipiga kelele maishani mwangu. Nilimshika kichwa nikimmwagia maji ya kunywa ya wanafunzi, chupa baada ya chupa.

Jioni nilirudi kuitazama ile chupa. Uzi mweupe, fundo la mizunguko mitatu. Hakuna mwingine duniani anayelifunga. Baba alidhani ameshika uzi wa njano. Halafu nikakumbuka kile kifungo ulichoniandikia. Alikuwa haoni tena tofauti ya njano na nyeupe, naye amekwenda huko na uzi wa njano mfukoni akidhani ni mweupe. Ile chupa ya njano niliyoikuta kando ya sinki ilikuwa maji, shangazi. Ndiyo iliyokuwa salama. Mimi kwa mkono wangu niliitoa nikaweka kostiki, nikaandika barua kujisifu.

Ulicheka, nami nikacheka. Jibu lote lilikuwa kwenye shati.

Kamati ya chuo inaniita. Wakijua ni nyuzi za baba, miaka yake thelathini na moja watakuwa wanaihadithia kwa siku hiyo moja. Na yeye akijua kabla ya kupasuliwa, hiyo presha itashuka vipi? Nitasema niliiweka mimi. Si uongo. Nisaidie kunyamaza.


15 Aprili

Mwanangu,

Nimeisoma jikoni kama ulivyotaka, na wali ukaungua. Kaka akauliza harufu ya nini. Nikamwambia nimezeeka.

Sijui nikushauri nini. Kuna msemo wa mficha maradhi, unaujua mwisho wake. Lakini jana daktari amesema tena: presha ikipanda siku ile hampasui, na wakichelewa zaidi macho yenyewe yatakuwa hayana faida. Kwa hiyo nitanyamaza mpaka apone. Barua zako nitaendelea kumsomea nikiruka panaporukika. Usinitumie ndefu sana, mimi si hodari wa kutunga, nikikatika katikati anauliza, "Mbona umemeza mate?"

Ninaumia kwa Fundi. Mpe pole yangu. Naumia pia kwa kifungo. Ningesema neno moja tu siku ile, "Kaka, uzi huo ni wa njano," angekasirika kwa saa moja, basi.

Shangazi yako


29 Aprili

Binti yangu,

Jana nilitembelewa na mhadhiri mwenzangu wa zamani wa fizikia. Alikuja na pole zake akidhani ninajua. Nimejua kwa mdomo wa mtu baki, mbele ya shangazi yako, ambaye ghafla alikumbuka kazi nyingi jikoni.

Anasema umekiri mbele ya kamati kwamba chupa uliiweka wewe. Nauliza: uliinusa? Ulichovya karatasi ya litmasi? Uliona uzi ukaridhika. Uzi ni wa kumsaidia anayejua, si wa kufikiri kwa niaba ya asiyefikiri. Bila shaka ulijaza chupa mwenyewe ukafunga uzi uliokuwa karibu, ukiwa na haraka zako zile za ubaoni.

Fundi nilimkuta akiwa kijana, akanikuta nikiwa kijana. Hajawahi kuvunja hata pipeti yangu moja. Nilikukabidhi mtu mzima na macho yake mawili, na katika wiki tano umenirudishia mwenye jicho moja. Maji yakimwagika hayazoleki. Sina la kuongeza.

Mpasuaji amepanga tarehe ishirini na moja. Usije.

Baba yako

(Mwanangu, kaniamuru niandike kila neno. Nimeandika nikilia, karatasi umeiona. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaitazama mashine ya presha mezani, nikaufunga.)


6 Mei

Baba,

Shikamoo. Kosa ni langu. Sikunusa, sikutumia litmasi. Niliamini uzi.

Darasa wamelichukua mpaka kamati itakapoamua mwezi ujao. Analifundisha mhadhiri mwingine, amewaanzishia upya jedwali la elementi. Nimepita nje ya dirisha juzi, nikamwona yule kijana wa mizani amelala kwenye kiti cha mbele. Nakaa ofisini bila kazi nikipanga madaftari ambayo yamekwisha pangwa.

Kwa Fundi ninakwenda kila Jumamosi. Jicho wamelitoa. Hanilaumu, na hilo ndilo gumu zaidi. Ananiuliza habari zako tu.

Siji, kama ulivyosema. Nitakuwa nakuombea tarehe ishirini na moja kuanzia alfajiri.

Binti yako


2 Juni

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wangu. Umeona? Herufi zimesimama.

Bandeji ya jicho la kwanza waliifungua tarehe ishirini na mbili. Daktari aliniuliza naona nini nikasema mwanga. Akaniambia nitulie. Shuka likaja likiwa jeupe mpaka nikaogopa, nilikuwa nimesahau kwamba weupe uko hivyo. Nikacheka kama mtoto. Shangazi yako akanivalisha shati langu ili nirudi nyumbani, lile jeupe. Nikainama kufunga vifungo.

Nilidhani ni jicho jipya linanitania. Nikamuuliza shangazi yako, "Huu uzi ni rangi gani?" Akainamia viatu vyangu. Nikamwambia alete kidonge cha uzi kilichokuwa mfukoni mwa koti, kile nilichochukua kwenye droo ya maabara nikidhani ni cheupe. Akakileta akakiweka kwenye kiganja changu. Njano. Basi kile nilichokiacha, nilichofungia chupa za kostiki, kilikuwa kipi? Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa ngazi za nyuma angeimaliza.

Nilikaa kitandani na shati nusu limefungwa. Nikakumbuka barua yako ya chupa ya njano kando ya sinki, na nilivyokujibu. "Hayo ndiyo macho ninayoyataka." Shangazi yako ndipo akatoa karatasi yako ya pili kutoka kwenye kopo la sukari. Ndiyo karatasi ya kwanza niliyoisoma kwa macho haya.

Mwanangu, barua ile ya mwezi wa nne siwezi kuichukua tena. Nimekutukana kwa kosa langu, nawe ukanijibu "kosa ni langu" na kuniwekea shikamoo juu yake. Ningetamani ungenirudishia matusi. Nimekuwa nikiwaambia watoto wa watu kwamba hakuna kinachopotea, na jicho la rafiki yangu liko wapi? Limegeuka nini? Kama ni macho yangu haya mawili, basi ni biashara ambayo nisingeifanya.

Nilikuwa najua siioni rangi vizuri. Hilo sijamwambia mtu. Mwaka mzima nilikuwa naijua njano kwa mahali pake kwenye droo, kushoto, na nyeupe kulia. Mtu akafagia droo, akarudisha bila mpango, nami nikaona aibu kuuliza. Mwalimu wa kemia amuulize nani rangi?

Leo nimemwandikia mkuu wa idara kurasa mbili. Nimeeleza uzi, fundo, droo, aibu. Nimeambatanisha kidonge chenyewe cha uzi na kifungo nilichokikata kwenye shati. Kamati itakutana tarehe ishirini. Wakitaka kunivua jina langu kwenye ule ubao wa walimu bora waliobandika ukumbini, waambie msumari mmoja umelegea, hawatapata shida.

Fundi nimeanza kumwandikia mara nne. Nakwama kwenye salamu.

Baba yako


27 Juni

Kwako Mwalimu,

Salamu nimezikuta kwa binti yako, kaniambia umekwama hapo. Basi mimi nimevuka, tuendelee.

Sijawahi kukuandikia barua. Miaka yote tulikuwa chumba kimoja, ningekuandikia nini? Mstari ukipinda nisamehe, namimina chai nje ya kikombe siku hizi, sembuse wino.

Kamati imekaa. Barua yako ilisomwa na uzi wako ukapitishwa mezani kutoka mkono hadi mkono. Binti yako alikuwa akitazama miguu yake. Halafu nikaomba nafasi na mimi, kwa sababu kuna kitu hujui na yeye alikuwa hakijui.

Ile Ijumaa nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikuona. Ulikuwa unafunga nyeupe kwenye kostiki na njano kwenye maji, chupa baada ya chupa, fundo zuri kabisa, huku unapiga mluzi. Nikajua macho yamekwisha. Nikasema moyoni, kesho anaondoka, nimwaibishe ya nini siku yake ya mwisho? Nikakushikia kidonge cha uzi. Mimi ndiye niliyekishika, Mwalimu.

Nilipanga kuzibadilisha ukishaondoka, pasijue mtu. Jumatatu nilikuwa na homa. Jumanne nikaingia mapema kuliko wote nikafungua nyuzi zote za rafuni, moja moja, nikafunga upya sawasawa. Fundo lako nikashindwa, nikafunga langu la kawaida. Kisha nikatazama kando ya sinki. Uzi mweupe. Nikashukuru, nikasema, hii angalau Mwalimu hakuikosea. Sikujua kwamba siku moja kabla binti yako alikuwa naye amesahihisha kimya kimya, bila kumwambia mtu. Yeye alitengeneza moja, mimi nikatengeneza nyingine zote, na hiyo moja ndiyo niliyojimwagia.

Nilipowaambia hayo mkuu wa idara alivua miwani yake akaipangusa muda mrefu. Binti yako alilia kwa mara ya kwanza mbele yangu. Uamuzi ni huu: amepewa onyo la maandishi, na darasa lake la mwaka wa kwanza anarudishiwa muhula ujao. Nyuzi zote zimekatwa kwa mkasi, na kuna lebo za plastiki, kubwa kama mlango. Jina lako ukumbini wameliacha. Msumari nimeukaza mwenyewe kabla ya kukabidhi funguo, maana mimi wamenistaafisha. Barua ya shukrani wameiandika vizuri, nimesomewa.

Nasikia unalia sana huko. Acha, utayaharibu macho ya watu. Mimi sikudai jicho. Kinachonisumbua ni kile kidonge cha uzi mkononi mwangu, na neno moja nililolimeza kwa heshima. Na dada yako akalimeza lake, na binti akacheka lake. Sote tulikuwa tunakupenda, Mwalimu, na tazama tulivyokufanyia. Tazama tulivyofanyiana.

Njoo ukipata nafuu. Nyumba unaijua, ya tatu baada ya kinu, mlango sijaupaka rangi. Usilete kitu wala usiandae maneno. Tutakaa tu. Lakini ukifika mlangoni ukaniona nimevaa shati nje ndani, au viatu viwili visivyofanana, usinistahi. Niambie hapo hapo.

Fundi